Juu ya Neno Shuku

Ndugu wasomaji, hasa ninyi waalimu mfundishao darasa la Biblia na kusoma vitabu vya Kiingereza pamoja na vya Kiswahili, liko neno moja la Kiingereza litupalo taabu kila tunapotaka kulitia katika lugha yetu. Neno lenyewe ni “suspicious”. Mmoja hulitafsiri “mwenye mashaka”, wa pili husema “mwenye wasiwasi”, wa tatu husema “mtu mbaya”, wala katika hao watatu hakuna aliyelipata lote. Yafaa tulichungue, kwa kuwa si jambo la kamusi tu. Huku kwetu, toka Mwanza mpaka Magu na Geita, na ng'ambo mpaka visiwa vya Ukerewe, jambo hili litajwalo na neno hili limepata kuwapatia watu haki yao, tena limepata kuwatoa watu roho zao.

Asili yake ni Kilatini, na maana ya kwanza ni kutazama kutoka chini: mtu ameinamisha uso kana kwamba hana habari, kumbe macho yake yamwangalia mwenzake kwa siri. Sisi husema, kumtazama mtu kwa pembe ya jicho. Na neno la Kiyunani alilolitumia Mtume Paulo katika 1 Timotheo 6:4, hapo alipozitaja shuku mbaya kuwa mzao wa mashindano ya maneno, nalo lina maana iliyo karibu na hiyo, yaani wazo lililo chini, lililofichwa chini ya mawazo mengine. Basi mambo haya huanza katika jicho na katika moyo, kabla hayajafika kinywani wala mkononi.

Lakini Waingereza hulitumia neno hilo moja kwa watu wawili walio mbalimbali kabisa. Mgeni akibisha hodi usiku wa manane, na mwenye nyumba akamwogopa, mwenye nyumba huitwa “suspicious”, maana anashuku. Na mgeni naye huitwa “suspicious”, maana anashukiwa. Asomaye gazeti la Kiingereza akikuta habari ya mtu wa namna hiyo, na aulize kwanza: Je, ni yeye anayewashuku watu, au ni watu wanaomshuku yeye? Kiswahili chetu huwatenga wawili hao, mwenye kushuku na mwenye kushukiwa, wala hatuwezi kuwachanganya hata tukitaka. Kwa jambo hili naona lugha yetu ni njema kuliko ile. Maana hatari yote ya shuku ndiyo hiyo, kwamba kitu kilichomo katika jicho langu huhama kimya kimya kikamkalia mwenzangu usoni, kisha mimi nasema nimekiona kwake.

Sasa tuyatazame maneno tuliyo nayo. Shaka ni ya neno au habari: nina shaka kama mvua itanyesha, nina shaka kama barua hii imetoka kwa askofu. Shuku ni ya mtu: nadhani fulani ana baya alilolificha. Maneno hayo mawili ni ndugu, yametoka katika shina moja la Kiarabu, walakini yafaa tuyatenge. Tomaso alikuwa na shaka (Yohana 20:24-29). Hakuwaita wenzake kumi waongo, wala hakusema kwamba wanamficha jambo. Alisema tu kwamba hawezi kuamini mpaka aone. Na Bwana hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake na ubavu wake. Mtu wa shaka aweza kuponywa kwa kuonyeshwa. Mtu wa shuku, ukimwonyesha mikono yako, atauliza umeinawa lini na kwa sababu gani.

Dhana ni wazo tu, nayo yaweza kuwa njema au mbaya. Ndiyo maana husemwa dhana njema, wala hakuna asemaye shuku njema. Wasiwasi ni hofu isiyo na mtu, hutangatanga ikitafuta pa kutua. Tuhuma ni shuku iliyokwisha kutoka kinywani, mtu mwingine akaisikia. Hapo imekuwa jambo jipya, maana shuku iliyomo moyoni mwangu yaniumiza mimi, lakini tuhuma ina miguu.

Wengine watauliza: Je, kila shuku ni dhambi? Kwa kuwa Mtume ametaja zile zilizo mbaya, je, ziko zisizo mbaya? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa habari ya pamba, inayojulikana sana na wazee wa upande huu.

Katika miaka ya 1940 wakulima wa Usukumani na Ukerewe walikuwa wakinung'unika sana juu ya mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akaichukua pamba yake kichwani au kwa punda mpaka gulioni. Na huko aliyeiweka mizani ni mnunuzi, aliyeisoma ni mnunuzi, aliyeandika ratili ni mnunuzi, na aliyehesabu fedha ni mnunuzi. Mkulima wengi wao hawakujua tarakimu. Walitazama sindano ikienda na kusimama, wakaambiwa hesabu, wakapokea. Sisemi kwamba kila mfanya biashara alikuwa mwivi. Lakini palipo mmoja apimaye, asomaye, aandikaye na alipaye peke yake, hata mwenye haki atashukiwa, wala hawezi kujitetea.

Shuku ya namna hiyo ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kukaa nayo tumboni. Akaaye nayo tumboni husema, “Yeye ananiibia, nami nitamwibia,” akatia maji na mchanga katika pamba yake ili iwe nzito. Desturi hiyo haikufa na wazee. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi wengi katika miaka ya 1990, malalamiko ya pamba yenye maji na mchanga yalisikika sana, na bei ya pamba yetu iliumia kwa ajili yake. Mizani ya hila na pamba ya hila ni watoto wa mama mmoja. Mithali 11:1 yawahusu wote wawili, mwenye duka na mwenye shamba.

Njia ya pili ndiyo waliyoishika wakulima wale. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wajuao kusoma, wasimame penye mizani ya mnunuzi na kuiangalia sindano kwa macho yao. Tazameni jambo hili lilivyo dogo! Hawakuchoma duka, hawakumpiga mtu. Waliweka jicho la pili penye mizani. Na katika neno hilo dogo vikatoka vyama vya ushirika. Mtu aliyewaongoza, Paul Bomani, alizaliwa mwaka 1925, naye wakati ule alikuwa kijana tu. Baadaye, mwaka 1962, alifanywa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, akafariki mwaka 2005. Mwaka 1955 vyama viliungana katika shirikisho moja, makao yake Mwanza, lililoitwa kwa jina la ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Uhuru ulipofika mwaka 1961, ushirika ule ulikuwa umejulikana katika Afrika nzima kwa ukubwa wake, na viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwake.

Laiti habari ingekwisha hapo, ingekuwa nyepesi kufundisha. Lakini miaka haikuwa mingi, wanachama wakaanza kuwashuku watu wao wenyewe waliowaweka. Mizani sasa ilishikwa na mwana wa kijiji, aliyewasalimu kwa Kisukuma, na bado mkulima alirudi nyumbani akihesabu vidole. Mwaka 1966 serikali iliweka tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu ya malalamiko ya wanachama. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa vyote, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Waliodhani kwamba udanganyifu ni tabia ya watu wa rangi fulani au dini fulani walipata jibu lao. Kilichowafaa wakulima tangu mwanzo hakikuwa kumpata mpimaji wa kabila lao. Kilichowafaa ni mizani iliyo wazi, isomwayo na watu wawili. Siku hizi Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuitia alama, na mkulima ana haki ya kuiuliza alama hiyo kabla hajaweka mzigo wake. Akiuliza, mnunuzi asikasirike.

Waalimu na wazee wa kanisa, neno hili latuhusu sisi kabla ya wanunuzi wa pamba. Someni 2 Wakorintho 8:16-21. Paulo alikuwa na changizo kubwa la fedha mkononi, la kuwapelekea maskini wa Yerusalemu. Ni nani angethubutu kumshuku Paulo? Walakini yeye mwenyewe alitaka fedha zile zisafiri pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu; akasema wazi kwamba aangalia yaliyo mema machoni pa Mungu, tena na machoni pa wanadamu. Mtume hakusema, “Mungu aujua moyo wangu, yatosha.” Neno hilo, “Mungu aujua moyo wangu,” nimelisikia mara nyingi penye meza ya kuhesabia sadaka, na karibu kila mara limesemwa na mtu asiyetaka daftari lifunguliwe. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu, siku ile ile, mahali panapoonekana, na hesabu isomwe mbele ya usharika. Kufanya hivyo si kumvunjia mtunza hazina heshima yake. Ni kumwondolea jirani jaribu la kumshuku, na kumpa mtunza hazina ngao. Atakayekataa ngao hiyo kwa sababu ya heshima yake, siku ya maneno atakuwa uchi.

Basi hiyo ndiyo shuku iliyopelekwa penye mizani. Sasa nitasema juu ya ile isiyo na mizani.

Ninyi mwakaao vijijini mwajua nitakalosema. Kwa miaka mingi katika Usukuma, upande wa Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Serikali ilipochunguza habari hizo katika miaka ya 1980, ilihesabu watu waliouawa kwa shuku ya uchawi tangu mwaka 1970 kuwa maelfu. Sehemu kubwa walikuwa wa Usukumani, na wengi wao walikuwa wanawake. Wala mauaji hayo hayakukoma wakati ule. Na ushahidi uliotajwa mara kwa mara ni upi? Macho mekundu.

Ndugu, tufikiri pamoja. Nchi hii miti ilikwisha zamani mahali pengi, na mwanamke hupikia kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa mabua ya pamba na ya mtama, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Miaka hamsini amevipuliza vifuu vya moto huo, akiwapikia mume na wana na wajukuu. Moshi umeingia machoni kila asubuhi na kila jioni. Je, macho yake yawe ya rangi gani? Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, na moto wenyewe ni wa jiko lake, na chakula kilichopikwa juu yake kimeliwa na hao hao wanaomshtaki.

Hapa neno lile la Kiingereza limetimiza ubaya wake wote, maana wanaomtazama kwa pembe ya jicho wameyaona macho yake, wakasema ubaya umo mle. Tena mara nyingi ukichimba chini utakuta jambo jingine lisilo uchawi: mjane ana shamba, na shamba lina wanaolitaka. Au mtoto amekufa kwa homa, baba ana uchungu usio na pa kwenda, naye nfumu, asiyemjua hata mtoto, humwonyesha nyumba ya kupelekea uchungu wake. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotutia aibu mbele ya ulimwengu wote tangu mwaka 2007, siyaingizi katika somo hili. Hayo si shuku, ni tamaa ya mali tupu, nayo yahitaji somo lake.

Wengine hujitetea kwa mithali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mithali hii hutumika vibaya kuliko zote nizijuazo. Sehemu yake ya pili ni ya kweli kwa namna isiyokusudiwa: likisemwa kwa muda wa kutosha juu ya mwanamke mzee, laja kweli, laja usiku na panga. Sheria ya nchi nayo imeliona hilo tangu zamani. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haimkatazi mchawi tu. Yamkataza pia mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Watu wengi hudhani kosa ni kuua tu. La, kutaja kwenyewe ni kosa. Na Musa, miaka elfu na zaidi kabla ya Bwana wetu, alikwisha kusema katika Kumbukumbu la Torati 19:15 kwamba shahidi mmoja hatoshi. Macho mekundu si shahidi hata mmoja.

Katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, tumefundishwa juu ya Amri ya Nane, isemayo habari ya ushuhuda wa uongo. Watoto wa kipaimara huijua sehemu ya kwanza ya maelezo yake, kwamba tusimsingizie jirani. Sehemu ya pili huwapita upesi: kwamba tumtetee, tumnenee mema, na kila jambo lake tulichukue kwa upande ulio mwema. Hapo ndipo penye kazi. Mtu aliyenyamaza wakati jirani yake anatajwa hajaivunja sehemu ya kwanza, lakini ya pili ameivunja. Katika Katekisimo Kubwa Luther afafanua zaidi: kuijua dhambi ya mtu ni jambo moja, na kuihukumu ni jingine, naweza kujua, lakini kama sikupewa kazi ya hukumu, sina ruhusa ya kuitangaza. Bali waliopewa kazi hiyo, yaani mahakimu, wazazi na wachungaji, hao wana wajibu wa kuuliza na kukemea. Basi hakuna hapa ruhusa ya upumbavu. Mama akimshuku mtu anayemchezea binti yake, asingoje mashahidi wawili. Amtoe mtoto kwanza, kisha aende kwa wenye mamlaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hana dhambi kwa kushtuka. Dhambi ni kuwaita watu waupige ung'ongo mpaka ufe.

Iko na shuku ya namna moja isiyotaka ushahidi kabisa, maana yajijibu yenyewe. Katika Ayubu 1:9 Shetani hakukana kwamba Ayubu ni mwema. Aliuliza kama Ayubu amcha Mungu bure. Hapo hakuna tendo jema litakaloweza kumtetea mtu, kwa sababu wema wenyewe umefanywa kuwa dalili ya hila. Twasikia maneno hayo katika sharika zetu: “Fulani amejenga kisima, anatafuta uzee wa kanisa.” Huenda ni kweli. Lakini maji yanyweka, na aliyeuliza swali hilo kwanza katika Maandiko twamjua jina lake.

Mwalimu afanye nini, mtu akimjia nyumbani na kusema, “Bibi yule ndiye amwuaye mtoto wangu”? Asianze kwa kubishana naye juu ya uchawi, upo au haupo. Mabishano hayo huisha usiku, na mtoto bado ana homa. Ampeleke mtoto zahanati, aende naye mwenyewe kama yawezekana. Kisha aende kwa yule bibi, mchana, mbele ya macho ya kijiji, aketi kwake, ale chakula chake. Tendo hilo moja lina nguvu kuliko mahubiri matatu, kwa kuwa kila mtu huona mahali mwalimu alipokula. Vijana wa usharika waweza kumpasulia dirisha na kumjengea jiko lenye bomba la moshi kwa udongo na siku mbili za kazi. Na kama maneno yamekwisha kuwa vitisho, yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku ile ile, wala yasingoje Jumapili.

Kwa darasa la mwezi huu someni sura mbili na kuzilinganisha. Ya kwanza ni 2 Samweli 10. Daudi aliwatuma watu kumfariji Hanuni, mfalme wa Waamoni, aliyefiwa na baba yake. Wakuu wa Hanuni wakamtia shuku kwamba hao ni wapelelezi. Naye hakuuliza, bali aliwanyoa nusu ya ndevu, akawakatia nguo zao, akawafukuza. Vita vikubwa vikatoka katika rambirambi. Ya pili ni Yoshua 22. Kabila za ng'ambo ya Yordani zilijenga madhabahu kubwa, na Israeli wote, wakishuku kwamba ndugu zao wamemwacha Bwana, walikusanyika Shilo tayari kwa vita. Shuku yao haikuwa ya kipuuzi. Madhabahu ilionekana, na sheria ilijulikana. Lakini kabla ya kupanda kupigana walimtuma Finehasi kuhani pamoja na wakuu kumi, nao wakavuka, wakasema mashtaka yao waziwazi mbele ya walioshtakiwa, kisha wakanyamaza wasikie jibu. Jibu lilikuwa hili: madhabahu ile si ya sadaka, bali ni ya ukumbusho, kwa kuwa wajengaji nao walikuwa na shuku yao, wakiogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo hii watawaambia watoto wao kuwa hawana sehemu katika Bwana. Pande mbili zilikuwa zikishukiana toka kingo mbili za maji, wala hakuna upande uliojua shuku ya mwenzake mpaka watu kumi na mmoja walipovuka. Angalieni mstari wa 34, mwone madhabahu ile ilipewa jina gani.